Dende mgeni nyumbani Bukavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu afya yake

Dende (kobayi, au simbilisi kama wanavyosema Watanzania) wengi wanaoingia katika nyumba za Bukavu, mji wa Kivu ya Kusini nchini Kongo, wanatoka maeneo ya Kabare, Walungu au Katana ndani ya kikapu. Wanapita sokoni wamebanana na wengine wasiowajua, halafu mtoto anampenda mmoja mwenye mabaka meupe na mzazi analipa. Siku chache baadaye maswali yanaanza. Haya ndiyo yanayorudi zaidi kutoka kwa watu wanaomfuga dende kwa kumpenda, si kwa ajili ya sufuria.

Nimemleta leo. Nianze na nini?

Anza na utulivu. Mweke mahali pasipo upepo, mbali na mbwa, paka na redio, ndani ya kizimba au karton kubwa yenye nyasi kavu nyingi na pembe ya kujificha. Mwulize aliyekuuzia alikuwa anamlisha nini, na umpe chakula hicho hicho kwa siku kadhaa. Ukitaka kubadilisha, badilisha polepole, kwa sababu tumbo la dende halivumilii mageuzi ya ghafla. Weka maji safi. Usimwogeshe. Watu wengi wanamkimbilia kwa sabuni siku ya kwanza kwa sababu ananuka sokoni, na baridi ya kuloa juu ya woga wa safari inaweza kumletea nimonia.

Jioni ya kwanza anaweza kula kidogo sana. Asubuhi ya pili lazima uone nyasi zimepungua na kuna kinyesi kipya.

Siku hiyo hiyo mpime uzito. Mizani ya jikoni inatosha, na kama huna, muuza duka wa jirani anayo. Andika namba na tarehe kwenye daftari, kisha mpime kila wiki, na katika wiki mbili za kwanza kila siku mbili au tatu. Daftari hilo litakusaidia kuliko macho yako.

Kwa nini uzito? Si nitaona tu kama ni mgonjwa?

Hutaona, au utaona kwa kuchelewa. Dende ni mnyama wa kuwindwa. Porini, yule anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza, kwa hiyo ameumbwa kuficha maumivu mpaka nguvu zimwishie. Ndiyo maana watu wanasema "jana alikuwa mzima, leo amekufa". Jana alikuwa anaumwa tayari.

Uzito haufichiki. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani gramu 50 kwa dende wa gramu 500, usingoje dalili nyingine. Pamoja na uzito, angalia kinyesi: kiwe vipande vidogo virefu kidogo, vigumu, vyenye umbo moja, na viwe vingi. Vikipungua, vikiwa vidogo kuliko kawaida au vikishikana, tumbo limeanza kusimama.

Dalili nyingine: amejikunja pembeni na manyoya yamesimama, haji unapoleta majani, macho au pua vina uchafu, anapumua kwa kutingisha mbavu, mate yanalowesha kidevu, anachechemea.

Je, kuna mambo yanayotisha lakini ni ya kawaida?

Yapo. Mkojo mweupe kama maziwa ni kalisi (kalsiamu) inayotoka. Ukikauka unaacha unga, na hakuna tatizo mradi unga huo usiwe kama mchanga. Majimaji meupe yanayotoka jichoni kwa sekunde chache huku anajipangusa uso ni njia yake ya kujisafisha. Akila kinyesi chake mwenyewe mwachie, anarudishia mwili vitamini ambavyo tumbo limetengeneza. Na yule mdogo anayeruka ghafla juu na kupinda mwili hewani hana kifafa, ana furaha.

Hajala tangu jana jioni. Ningoje mpaka kesho?

Hapana. Hili ndilo swali ambalo saa zina maana. Utumbo wa dende unatembea kwa sababu chakula kinaingia bila kukoma. Akikaa saa 12 bila kula, utumbo unapunguza mwendo, hewa inajaa, maumivu yanamzuia kula zaidi, na ini linaanza kuathirika. Baada ya siku nzima unapigania maisha yake.

Kwanza mguse tumbo taratibu. Likiwa limevimba, gumu, na ukiligonga kwa kidole linatoa sauti ya ngoma, ni hewa. Usimlazimishe chakula, mkimbize kwa veterineri (daktari wa mifugo). Likiwa laini, mpe joto: chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa, pembeni yake, na nafasi ya kuiepuka. Halafu mlishe wewe mwenyewe. Twanga majani mabichi laini mpaka yawe uji, ongeza maji, na chukua serengi ndogo isiyo na sindano. Mkalishe wima, kamwe usimlaze chali. Ingiza ncha ya serengi pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, na usukume kidogo sana, nusu mililita hivi, umngoje atafune na kumeza. Ukisukuma kwa nguvu chakula kitaenda mapafuni. Rudia kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia.

Hii ni kumshikilia tu. Kutokula ni dalili, na chanzo chake lazima kitafutwe. Kati ya vyanzo vya mara kwa mara ni meno. Yote 20 yanaota maisha yake yote, na asipopata nyasi za kusaga yanakuwa marefu, ya nyuma yanachoma ulimi au shavu. Dende wa namna hiyo anakuja kwenye chakula, anakinusa, anakichukua, kisha anakiacha kidondoke. Anataka kula na hawezi. Meno ya nyuma hayaonekani bila kifaa, kwa hiyo usidanganyike na ya mbele yaliyonyooka.

Nina amoksisilini nyumbani. Nimpe kidogo?

Usimpe. Hata robo ya kapsuli, hata unga uliochanganywa na maji.

Tunaandika jibu hili kwa urefu kwa sababu karibu kila nyumba mjini ina mabaki ya amoksi au ampisilini kutoka kwa mtoto aliyekohoa mwezi uliopita, na mkono unaenda hapo kwa nia njema. Tumboni mwa dende kuna bakteria wanaomsagia majani. Amoksisilini, ampisilini, penisilini, klindamisini, linkomisini na eritromisini zinawaua hao, na nafasi yao inachukuliwa na bakteria wa jamii ya Clostridium wanaotoa sumu. Baada ya siku chache anaanza kuharisha, anapoa mwili, anakufa. Mwenye mnyama anaamini ugonjwa ulikuwa mkali, kumbe dawa ndiyo iliyomwua. Streptomisini nayo ni sumu kwake.

Zipo antibiotiki ambazo dende anavumilia, kama enrofloksasini, au mchanganyiko wa trimethoprimu na salfa ambao farmasi wanauita Bactrim. Lakini kipimo chake kinahesabiwa kwa uzito na kinawekwa na veterineri. Akikuandikia dawa yoyote inayoishia kwa "silini", mwulize kwa heshima kama amezoea kutibu kobayi. Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Anaharisha.

Kinyesi laini kidogo baada ya majani mengi ya maji: ondoa mboga zote mbichi, bakisha nyasi kavu na maji, na umchunguze siku hiyo. Kuhara kwa majimaji, nyuma pameloa na ananuka: ni dharura, hasa kwa mdogo. Salmonela ni mojawapo ya vyanzo, nayo inaingia kwa watu, kwa hiyo watoto wasimshike na kila mtu anawe kwa sabuni.

Chanzo cha hapa kwetu ambacho watu hawakifikirii ni mvua. Kuanzia Septemba mpaka Mei majani yanakatwa yakiwa yameloa, yanafungwa kwenye gunia, yanapata joto na kuanza kuchacha. Dende akiyala anavimba. Tandaza majani chini ya paa mpaka maji yakauke, na yaliyopata joto uyatupe.

Anapiga chafya na pua inatoa maji. Ni mafua tu?

Kwa dende hakuna "mafua tu". Chafya moja moja inaweza kuwa vumbi la nyasi. Lakini chafya pamoja na pua chafu, macho yenye gundi au pumzi yenye sauti inaelekea nimonia, ambayo inaua haraka. Bakteria wanaoileta zaidi ni Bordetella na streptokoki. Sungura na mbwa wanaweza kubeba Bordetella bila kuonyesha dalili yoyote. Usimfuge pamoja na sungura, hata kama wanaonekana marafiki.

Halafu tuzungumze jiko. Desturi ya Kivu ni dende kuzunguka jikoni, chini, karibu na moto, anaokota maganda. Inampa joto, ni kweli, lakini moshi wa kuni na gesi ya mbabula (jiko la makaa) inayowashwa vinajaa pale pale anapopumua, na mapafu yaliyochoka na moshi hayapigani na bakteria. Kama chumba kingine hakipo, mweke mbali na moto, na washa mbabula nje mpaka makala yashike vizuri.

Anajikuna mpaka anatoa damu, na manyoya yanatoka.

Utitiri wa upele unaoitwa Trixacarus caviae ndio wa kushukiwa kwanza. Unachimba ndani ya ngozi na unawasha vibaya sana, kiasi kwamba mnyama anaweza kuanguka na kutetemeka kama mwenye kifafa. Chawa ni afadhali: unawaona kwa macho wakitembea kati ya manyoya, nyuma ya masikio hasa.

Dawa ni ivermektini, na hapa kuna hatari ya hesabu. Ile ya sindano inayouzwa kwa ng'ombe ina miligramu 10 katika kila mililita. Dende wa nusu kilo anahitaji takriban mililita 0.02 au chini yake, yaani pungufu ya tone moja. Ukipima kwa serengi ya kawaida unaweza kumpa mara kumi bila kujua. Acha veterineri aipunguze makali na kuipima, na arudie baada ya siku 7 mpaka 14, kwa sababu dozi ya kwanza haiui mayai. Waliokaa naye wote watibiwe siku moja, na matandiko yachomwe. Dawa za kunyunyizia kupe wa ng'ombe au mbwa, na mafuta ya gari yaliyotumika ambayo wengine wanayapaka, yanapita ngozini na kumwua.

Ana duara lisilo na manyoya usoni, na sasa mtoto wangu ana doa mkononi.

Ni choa, ugonjwa wa kuvu, na inawezekana kabisa kwamba mtoto ameupata kwake. Kwa dende unaanza puani na kuzunguka macho, ngozi inakuwa na magamba. Mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya na mwambie muuguzi kwamba nyumbani kuna dende. Ni habari muhimu kwake. Mnyama anatibiwa kwa krimu ya kuvu kama mikonazoli kwa wiki kadhaa. Hakuna haja ya kumtupa. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi unapompaka, na watoto wampungie mkono kwa mbali mpaka apone.

Anachechemea, hataki kusogea, na analia nikimgusa. Amevunjika?

Labda ameanguka kutoka mikononi mwa mtoto. Lakini kabla ya hapo uliza anakula nini, kwa sababu kuna jibu la mara nyingi zaidi: kiseyeye. Mwili wa dende, kama wa binadamu, hauwezi kutengeneza vitamini C. Mbwa, mbuzi na sungura wanaitengeneza wenyewe. Yeye lazima aile kila siku. Akiikosa kwa wiki mbili au tatu, viungo vinavimba na kuuma, fizi zinatoa damu, manyoya yanakuwa magumu, vidonda havifungi, na magonjwa mengine yote yanapata mlango. Wengi wa wale wanaochukua mafua na upele walianza na upungufu huu.

Anahitaji kati ya miligramu 10 na 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na zaidi akiwa mgonjwa au ana mimba. Kwetu hiyo si gharama. Majani mabichi ya kijani yanabeba sehemu kubwa. Pera ni tajiri sana, lina zaidi ya miligramu 200 katika gramu 100, kwa hiyo kipande kidogo kinatosha siku nzima, na usizidishe kwa ajili ya sukari. Pilipili hoho ni nzuri pia, haina sukari nyingi. Chakula kilichopikwa kimeshapoteza vitamini hiyo, na maganda ya viazi vitamu peke yake hayamtoshi.

Uwe macho Juni mpaka Agosti. Nyasi zinakauka milimani, na nyasi kavu karibu hazina vitamini C. Dende aliyenunuliwa Agosti huenda ameshakaa wiki nyingi bila kuipata. Mwanzishie kipande kidogo cha pera siku ya kwanza, hata kama chakula kingine unakibadilisha polepole.

Niyeyushe kidonge cha vitamini C kwenye maji yake?

Hapana, inaharibika ndani ya saa chache, na ladha inaweza kumfanya asinywe. Saga kipande cha kidonge kisicho na vitamini nyingine na umpe kwa serengi mdomoni.

Majani gani nisimpe kabisa?

Majani ya viazi mviringo na nyanya, na viazi vyenyewe vilivyoota au kuwa kijani. Majani na ganda la avokado, na mti huo umejaa katika viwanja vyetu. Sombe mbichi, kwa sababu ya sianidi. Vitunguu. Maharage makavu. Lantana, ile ya uzio yenye maua ya rangi nyingi. Na usikate majani kando ya barabara, kwenye mfereji, au katika shamba lililopigwa dawa.

Matembele, majani ya karoti, majani na maganda ya mahindi mabichi ni salama. Lengalenga mpe mara moja moja. Kabichi kidogo tu, inajaza hewa. Lakini sehemu kubwa ya chakula chake, kila siku, iwe nyasi.

Ana uvimbe chini ya shingo.

Mara nyingi ni jipu la tezi linaloletwa na streptokoki, bakteria wanaoingia kupitia vidonda vidogo mdomoni, kwa mfano anapokula nyasi zenye miiba. Usilitumbue nyumbani. Usaha wake ni mzito na unaambukiza dende wengine. Mtenge, veterineri alipasue na kulisafisha.

Tumbo limekuwa kubwa ingawa niliambiwa ni dume.

Basi huenda umeuziwa jike. Jike anaweza kushika mimba akiwa na wiki nne au tano tu, na sokoni wanachanganywa, kwa hiyo kila jike wa sokoni mchukulie ana mimba mpaka siku 72 zipite. Mimba inachukua siku 59 mpaka 72. Karibu na mwisho usimwinue ovyo, mwongezee vitamini C na chakula, na ukimwona ameacha kula katika wiki za mwisho kimbia naye, kwa sababu kuna sumu ya mimba inayoua mama na watoto.

Kama ana miezi zaidi ya saba na hajawahi kuzaa, mwambie veterineri mapema. Mifupa ya nyonga huwa imeshashikana katika umri huo na haifunguki vizuri, na wengi wanafia katika uzazi. Dume aondolewe kabla ya siku ya kuzaa: jike anaweza kushika mimba nyingine saa chache baada ya kujifungua. Watoto wanazaliwa na manyoya, macho wazi, na wanaanza kutafuna majani katika siku za mwanzo. Madume wadogo watenganishwe na mama yao wakifika wiki tatu.

Mkojo ni mwekundu.

Kuna majani yanayogeuza rangi ya mkojo. Badilisha chakula siku moja. Wekundu ukibaki, au anajikamua na kulia anapokojoa, ni damu: jiwe la kibofu, maambukizo, au tatizo la kizazi kwa jike. Nenda kwa veterineri.

Baridi ya Bukavu inamdhuru?

Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku unapoa, lakini dende asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Akiwa mkavu, juu ya sakafu, na nyasi nyingi za kujizika, anavumilia. Kinachomshinda ni unyevu na upepo. Joto ndilo linaloua ghafla: kizimba chini ya bati saa sita mchana kinapita nyuzi 28 haraka. Akilala ubavu na kuhema, mpeleke kivulini, mloweshe masikio na nyayo kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na utafute msaada.

Nina dende mwingine tayari. Niwaweke pamoja lini?

Baada ya wiki tatu. Chumba tofauti, vyombo tofauti, na umhudumie mgeni mwisho.

Maveterineri wetu wanatibu ng'ombe na kuku. Nikienda niseme nini?

Nenda na daftari la uzito, kinyesi cha siku hiyo ndani ya karatasi, na orodha ya alichokula na dawa yoyote aliyopewa, hata ile unayoona aibu kuitaja. Mbebe ndani ya karton yenye nyasi, siyo mkononi juu ya moto (pikipiki). Daktari ampime mbele yako kabla ya kuandika kipimo. Bukavu ina watu waliosomea mifugo na wanaowajua dende vizuri, kwa kuwa ufugaji wake Kivu ya Kusini ni wa siku nyingi. Waulize wauza dawa za mifugo nani anawatibu.

Na kama nyumba yenu inaweza siku moja kumla mmoja wao, mwulize pia muda wa kungoja baada ya dawa. Ivermektini inakaa katika nyama kwa wiki nyingi.

Amekufa. Wengine nifanyeje?

Usiile nyama yake, na usimpe mbwa. Mzike kwa kina. Choma matandiko, sugua kizimba kwa sabuni, kisha pakaza maji ya javel (klorini ya kufulia), sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji. Acha dakika 10, suuza, na anika juani mpaka harufu iishe kabisa. Waliobaki wapime uzito kila siku kwa wiki mbili, na mmoja akipungua mpeleke kwa veterineri siku hiyo hiyo.